Semei Kakungulu, jemadari aliyehama dini kwa sababu ya Torati

Mwezi uliopita tulipanda Meru kwa shughuli ya posa. Kijana wa mtaa wetu amempata mchumba upande wa Nkubu, binti aliyesilimu akiwa chuoni, na sisi wakubwa wa mtaa tukaambiwa twende tukaseme na wazazi wake kwa heshima. Posa yenyewe ilikwenda vyema, alhamdulillahi, na si habari ya leo. Habari ya leo ni mjadala tulioukuta mkahawani Makutano asubuhi ya siku ile, tukingoja gari la kutupeleka.

Meza ya pili walikaa mzee mmoja na vijana wawili. Mzee alikuwa akishikilia kwamba Wameru asili yao ni Wayahudi. Hoja yake ni hadithi ambayo kila Mmeru aliyelelewa na bibi yake anaijua: kwamba mababu zao walikaa utumwani kwenye kisiwa kiitwacho Mbwaa, wakitawaliwa na watu wa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Mabwana hao wakawapa masharti yasiyowezekana, kama mkuki wa kugusa mbinguni na ndama wa kutoa kinyesi cheupe, mpaka kiongozi wao akawatoa usiku. Maji yakagawanyika kwa fimbo yake, wakavuka. Waliovuka gizani wakawa ukoo mweusi, wa alfajiri wakawa wekundu, na wa mchana wakawa weupe. Mzee akauliza, kama hiyo si hadithi ya Musa na Firauni, ni ya nani?

Hapa niseme jambo ambalo sikulisema pale. Wapo wataalamu wanaodhani Mbwaa ni Manda, kisiwa chetu hapo mkabala na Lamu. Kama ni kweli, basi wenye nguo nyekundu walikuwa watu wa pwani. Nikanywa chai yangu kimya.

Mmoja wa vijana wale alivaa kikofia kidogo cha Kiyahudi utosini, na kanisa lake linashika Sabato, halili nguruwe na linasherehekea Pasaka ya Torati, lakini linamuomba Yesu. Mwenzake akamwambia hilo haliwezekani. Myahudi ni yule anayesema Masihi bado hajaja. Ukishasema amekuja na jina lake ni Yesu, wewe ni Mkristo hata ukivaa kofia kumi. Wakavutana mpaka chai ikapoa, halafu mzee akanigeukia mimi mwenye kofia ya Kiislamu, akataka mpwani aamue.

Sikuamua. Niliwauliza tu kama wamewahi kumsikia Semei Kakungulu wa Mbale. Hakuna aliyemjua. Niliporudi nikauliza barazani kwetu, na huko pia hakuna. Ndipo nikaona niandike, maana mvutano ule wa Makutano yeye aliupitia miaka zaidi ya mia iliyopita, tena kwa gharama kubwa.

Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika ufalme mdogo wa Kooki, kusini magharibi mwa Buganda. Hakuwa Mganda wa kuzaliwa, na jambo hilo litakumbukwa na wapinzani wake maisha yake yote. Aliingia Buganda akiwa kijana, akajifunza kuwinda ndovu, na kazi hiyo ikampa vitu viwili vilivyokuwa na thamani katika Buganda ya wakati ule: bunduki na watu wa kumfuata. Pembe zilikwenda kwa Kabaka, na zingine zikashuka mpaka huku kwetu mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani.

Katika miaka hiyo ya 1880 akabatizwa na Waprotestanti. Mpwani atapenda kujua kwamba kitabu alichofundishwa kusomea hakikuwa cha Kiganda wala cha Kiingereza. Kilikuwa cha Kiswahili. Tafsiri za Askofu Steere zilizotengenezwa Unguja zilikuwa zimefika ikulu ya Buganda, na vijana wa ikulu walisoma Injili kwa lugha hii ninayoiandika sasa. Uislamu ulikuwa umetangulia kufika, nao pia kwa lugha hii hii. Dini mbili ziliingia nyumba ile kwa mlango mmoja, zikagombania sebule.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa damu, na tohara ilikuwa katikati yake. Miaka ya 1870 Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu wa ikulu yake waliotahiriwa na waliokataa kula nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Mila ya Buganda haikuruhusu mfalme kumwaga damu yake. Mwaka 1888, Mwanga mwana wa Mutesa alipopinduliwa, Waislamu walimweka Kiwewa, lakini Kiwewa akaogopa kisu. Hakudumu. Wakamweka Kalema, yeye akakubali kutahiriwa. Wakristo wakakimbilia Nkore, wakarudi na silaha, na kufikia 1890 upande wa Waislamu ulikuwa umeshindwa.

Kakungulu alikuwa miongoni mwa waliorudi na silaha. Tuseme wazi basi, katika vita vile alikuwa adui wa watu wetu, na alikuwa hodari. Jina lake lilipanda. Akapewa cheo cha Kimbugwe, kimojawapo cha vyeo vikubwa vya ikulu. Lakini mkubwa wa Waprotestanti alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro, na fahali wawili hawakai zizi moja. Kagwa alikuwa na kalamu na sikio la Waingereza, Kakungulu alikuwa na askari. Mwisho wa yote aliyeondoka mjini ni Kakungulu.

Waingereza walimtumia walipokuwa na shida. Tarehe 9 Aprili 1899, kikosi cha Kanali Evatt pamoja na watu wa Kakungulu kiliwanasa huko Lango wafalme wawili waliokuwa wakipigana na wakoloni: Mwanga mwenyewe, aliyekuwa bwana wake wa zamani, na Kabalega wa Bunyoro. Wote wawili wakapitishwa pwani na kuishia Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903.

Baada ya hapo Kakungulu aliachiwa mashariki. Kwa miaka michache alishika nchi kubwa, Bukedi, sehemu za Teso na miteremko ya mlima Elgon, akijenga ngome na kuwaweka Waganda wake kuwa machifu. Akapasua barabara na kuzipanda miti pembeni. Wanaomsifu hapo ndipo wanaposimama. Mimi siwezi kusimama hapo, kwa sababu barabara zile zililimwa kwa nguvu, ng'ombe walichukuliwa, na vijiji vilivyokataa viliona moto wa bunduki. Hata jina Bukedi ni tusi la Waganda, maana yake nchi ya watu uchi. Ukienda leo Teso ukamtaja Kakungulu usitarajie makofi.

Yeye aliamini kwamba Waingereza walikuwa wamemwahidi ufalme. Alipokutana na Sir Harry Johnston, aliyekuja kupanga mambo ya Uganda mwishoni mwa karne ile, alitoka akijiona Kabaka wa Bukedi. Kama Johnston alisema hivyo au Kakungulu alisikia alichotaka kusikia, wanahistoria hawajakubaliana. Matokeo yake ndiyo hayana ubishi. Mwaka 1902 alinyang'anywa Budaka, makao aliyoyajenga mwenyewe. Akapewa maili 20 za mraba kule Mbale, akaanza tena, na pale palipokuwa pori pakatokea mji ambao misafara ya Waswahili iliyokuwa ikienda Karamoja kutafuta pembe ilipumzika na kununua chakula. Mji ulipochangamka, maafisa wakauchukua pia. Kuanzia 1906 alipelekwa Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, cheo kikubwa kwa jina, mbali na watu wake na ardhi yake. Mwaka 1913 kikamalizika, akarudi Mbale mikono mitupu.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezewa sana hapa. Mbaruk bin Rashid wa Gazi naye aliona jinsi kampuni ya Waingereza inavyoshika mkono wa mtu leo na kumwachia kesho, akapigana, akashindwa, akavuka upande wa Wajerumani mwaka 1896 na kufia Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba Mbaruk alijibu kwa bunduki. Kakungulu, mtu wa bunduki tangu ujana, alijibu kwa kufungua kitabu.

Na kitabu sasa kilikuwa kimekamilika. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, kazi ya George Pilkington na wasaidizi wake Waganda. Kabla ya hapo wamisheni waliwapa watu Injili kwanza, na Agano la Kale likaja kwa vipande na maelezo. Sasa kila msomaji alikuwa na Torati nyumbani kwake na hakuna mzungu wa kumwambia ukurasa gani auruke.

Wa kwanza kusoma kwa namna hiyo walikuwa Bamalaki, wafuasi wa mwalimu Malaki Musajjakawa na chifu mkubwa Joswa Kate Mugema. Walianza mwaka 1914. Walibatiza bila kumngojesha mtu miaka ya mafunzo, waliruhusu wake wengi, wakashika Sabato, na wakakataa dawa na madaktari kabisa kwa hoja kwamba anayeponya ni Mungu. Ukiwa Tharaka au Mwimbi hutashangaa, kwani Wakabonokia wa huko mpaka leo wanagombana na serikali juu ya hospitali na chanjo kwa hoja inayofanana. Kakungulu akajiunga nao. Waingereza walichukia, hasa pale mifugo ilipotakiwa kuchanjwa na wenyewe wakakataa.

Bamalaki hata hivyo walikuwa Wakristo. Jumamosi yao iliishia kwa Yesu, kama kanisa la yule kijana wa Makutano. Kakungulu aliendelea kusoma. Akafika kwa Ibrahimu na agano la tohara, jambo la milele kwa kizazi chake chote, na hakuona mahali palipoandikwa kwamba limefutwa. Akawaambia wenzake watahiriwe. Wakakataa, wakamweleza kwamba tohara ni jambo la Wayahudi, na Wayahudi hawamkubali Yesu. Walidhani wamemfunga mdomo. Yeye akaona wamemwonyesha njia: kama anayeitii Torati yote ni Myahudi, basi yeye kuanzia siku hiyo ni Myahudi. Ilikuwa mwaka 1919. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, akatahiriwa yeye na wanawe, katika nchi ambayo mfalme mzima alipoteza kiti kwa kukiogopa kisu kile kile. Aliifanya Mbale, pembezoni mwa Wagisu, ambao tohara kwao ni fahari ya kijana mbele ya kijiji kizima. Kwa Mganda ilikuwa aibu, kwa Mgisu ilikuwa kawaida, na kwa mzungu wa ofisini ilikuwa wazimu.

Watu wake wakaitwa Bayudaya, Wayahudi wanaomtumaini Mungu.

Sasa tukae hapa kidogo, kwa sababu swali la Masihi halikuisha siku ile, na watu hulipita haraka. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha kurasa 90 cha sala na kanuni kwa Kiganda. Ni cha Torati, lakini ndani yake bado mna aya za Agano Jipya, na ubatizo ulikuwa ungali unafanyika. Mtu aliyelelewa miaka thelathini katika dua zinazomalizika kwa jina la Yesu hawezi kuliacha jina hilo kama anavyovua kanzu. Alikuwa ameikubali sheria ya Wayahudi bila kujua bado Wayahudi wanamngoja nani.

Aliyemjulisha ni Myahudi mgeni aliyepita huko miaka ya 1920, ambaye Bayudaya wanamkumbuka kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao kama miezi sita. Akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja, na akawaeleza lililokuwa limewakwama. Neno masihi maana yake ni aliyepakwa mafuta, kama wafalme wa Israeli walivyopakwa. Wakristo wanasema huyo ni Yesu, amekuja, amekufa kwa ajili ya dhambi za watu, amefufuka na atarudi kukamilisha kazi. Wayahudi wanajibu kwamba kazi yenyewe ndiyo dalili: Masihi ni mwanadamu wa ukoo wa Daudi, akija atawakusanya Israeli na vita vitakwisha duniani, na kwa kuwa vita havijakwisha, hajaja. Kuja mara ya kwanza na kurudi mara ya pili hawakukuona katika vitabu vyao. Na kumwita mwanadamu Mungu ni jambo wasilolitia kinywani.

Msomaji wangu Mwislamu hapo atatikisa kichwa kwa lile la mwisho, kisha atasita. Kwetu Isa bin Maryam ndiye al-Masih, Qur'ani inamwita hivyo, naye atarudi. Si Mungu na hakusulubiwa. Kwa hiyo katika mzozo ule sisi tuko na Myahudi kwenye jambo moja na tuko na Mkristo kwenye jingine, na ndiyo maana yule mzee wa Makutano alikosea kudhani kofia yangu inaweza kuamua.

Baada ya Yosef, Bayudaya waliacha ubatizo, wakaondoa aya za Injili katika sala zao. Hapo ndipo walipovuka hasa.

Wapo wanaosema haya yote yalikuwa siasa. Alinyimwa ufalme, akaikomoa dini ya waliomnyima. Siikatai sababu hiyo moja kwa moja, kwani mtu hahami nyumba yenye amani. Lakini kama alitaka kuwakomoa Waingereza, Bamalaki walitosha, tena walikuwa na maelfu ya watu na chifu mkubwa. Alipotoka huko alibaki na wafuasi wachache. Hakupata cheo wala ekari moja zaidi. Na hakukuwa na dola ya Kiyahudi ya kumsaidia. Wale wale Waingereza mwaka 1903 walikuwa wamewapa Wayahudi wa Ulaya wazo la kuhamia Uasin Gishu, Wayahudi wakalikataa 1905. Hakuna aliyekuwa na habari na mwindaji ndovu wa Mbale.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Wengi wa watu wake wakarudi makanisani. Waliobaki wakaongozwa na wanafunzi wake, kama Samson Mugombe, wakijisomea wenyewe vijijini pembeni ya Mbale bila rabi kwa miongo kadhaa. Kisha akaja Idi Amin, na hapa mimi kama Mwislamu sitaki kuruka ukurasa. Katika utawala wake wa 1971 hadi 1979 ibada ya Bayudaya ilipigwa marufuku na masinagogi yao yakafungwa. Wengine wakageuka Wakristo, wengine Waislamu, kwa hofu wala si kwa imani, na dini yetu imekataza kumlazimisha mtu. Waliokuwa maelfu wakabaki kama mia tatu, wakisali kwa siri.

Nalisema hili nikijua hali ya sasa. Kila nikifungua simu naona tunavyoumia kwa ajili ya Wapalestina, nami naumia. Lakini mkulima wa kahawa wa Nabugoye aliyerithi Sabato kutoka kwa babu yake hakumtoa mtu nyumbani kwake Gaza. Juzi barazani kijana mmoja alitaka kuwatukana kabla hata sijamaliza kuwaeleza ni akina nani, ikabidi nimnyamazishe.

Leo Bayudaya wamefika kama elfu mbili. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani walikuja kuwaingiza rasmi kama mia nne, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, akapata urabi. Kuna jambo jingine la kushangaza karibu zaidi na Meru. Kasuku, upande wa Nyahururu, lipo kundi dogo la Wakenya lililoanza kama kanisa la kushika Torati pamoja na Yesu. Walipokwenda kwa Wayahudi wa Nairobi wakaambiwa Yesu hayumo katika dini hiyo. Kundi likagawanyika, na waliomwacha Yesu wakaenda kujifunza kwa Bayudaya wa Mbale. Yule kijana wa kikofia niliposema hivyo alinyamaza, akaniuliza Kasuku nauli ni kiasi gani.

Gari letu likafika, tukaondoka.

Kaburi la Kakungulu liko Gangama, Mbale, karibu na nyumba yake ya zamani. Jiwe lake limeandikwa kwamba alikuwa jemadari mshindi, chifu wa saza wa Buganda, mtawala wa mkoa wa mashariki na rais wa Busoga, na miaka ya kila cheo imetajwa. Hakuna neno hata moja kuhusu dini yake.